Jina Langu Katika Orodha ya Pili

Rangi ya dhahabu ilikuwa bado mbichi nilipolisoma jina langu ukutani. Shule ya msingi niliyosoma hapa Bwera, Uganda, mpakani na Kongo, ilikuwa imetualika wanafunzi wake wa zamani, Jumamosi iliyopita, tule pilau, tusikilize hotuba na tukumbuke tulikotoka. Mwalimu mkuu wa sasa, bwana mwenye tai na adabu nyingi, alinipokea mlangoni kabla sijapata hata kiti, akanipeleka moja kwa moja kwenye kibao kipya cha heshima. Ni ubao mrefu uliopakwa rangi ya kijani, na juu yake, mwaka baada ya mwaka, yameandikwa majina ya wote waliopata Daraja la Kwanza katika mtihani wa taifa wa darasa la saba. Fundi wa rangi, mzee mmoja wa kutoka Kasindi, ng'ambo ya mpaka, alikuwa bado juu ya stuli anamalizia mwaka wetu. "Mama, usiguse," aliniambia, "rangi iko mubichi." Sikugusa. Mwalimu mkuu alininyooshea kidole mbele ya wageni akasema, "Huyu ndiye Masika Hadija mwenyewe. Ni tunda ya hii shule." Watu wakapiga makofi, nami nikasimama pale nimevishwa kilemba cha ukoka, nikihisi damu inanipanda hadi kwenye masikio.

Wanaonijua watasema mimi ni mwepesi wa hasira, na hawajakosea. Lakini safari hii nilikuwa na sababu. Daraja la Kwanza nililipata, ni kweli. Sikulipata kwa jina la shule ile. Nina ofisi ya chumba kimoja Mpondwe, hatua chache kutoka forodha, na kwa miaka mingi nimejaza fomu za malori ya samaki wa chumvi, kahawa, na simenti ya Hima. Najua mzigo ulioandikwa kwa jina la mtu mwingine unaitwaje, na najua adhabu yake. Nilijifunza kazi hiyo nikiwa darasa la saba, katika mwaka ambao shule ile ilijaribu kupitisha watoto kumi na wanne kwa jina la shule nyingine.

Kwa asiyejua jinsi serikali inavyotupima, nieleze upesi. Masomo ni manne. Katika kila somo unapewa alama kuanzia moja hadi tisa, na moja ndiyo bora. Zinajumlishwa, mwenye nne ameshika kilele, na hadi kumi na mbili bado umo katika Daraja la Kwanza. Chini ya hapo kuna la Pili, la Tatu, la Nne, na chini kabisa kuna kufeli. Hayo ni ya mtoto. Shule nayo hupimwa kwa hesabu nyingine: matokeo yakitoka, magazeti na wakubwa wa wilaya hutazama ni wangapi waliopata la Kwanza kati ya wote waliofanya mtihani, wakazipanga shule kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Kwa hiyo kuna njia mbili za kupanda. Unaweza kufundisha zaidi, au unaweza kuwapunguza wanaofanya mtihani. Mwalimu wetu mkuu wa wakati ule, nitamwita Bwana Masereka, alizijua njia zote mbili, na ya pili haikumchosha kama ya kwanza.

Tulianza mwaka tukiwa darasa moja. Baada ya mtihani wa majaribio wa muhula wa kwanza aliingia na karatasi mkononi, akasoma majina kumi na manne, akasema, "Wote nimesoma, beba dawati yenu, kwenda stoo." Stoo ilikuwa chumba cha matofali nyuma ya jiko la shule, chenye dirisha moja dogo, magunia ya unga wa uji wetu, majembe, na ngoma ya bendi iliyopasuka. Madawati yalipangwa katikati ya magunia. Mwalimu aliingia kule akipata nafasi, na nafasi haikupatikana mara nyingi. Kati ya wale kumi na wanne alikuwemo Mbambu, niliyekaa naye dawati moja tangu darasa la pili. Mama yake aliuza sombe, yaani kisamvu, sokoni Mpondwe, na Kiswahili chake Mbambu kilikuwa cha ng'ambo ya mto, upande wa Kongo. Alisoma kitabu kwa sauti vizuri kuliko sisi sote, alijua kuwaiga walimu hadi ukajikojolea, lakini hesabu ilimkataa. Siku ile alibeba upande mmoja wa dawati letu, nami, kwa mazoea, nikanyanyua upande wa pili, mpaka Bwana Masereka akaniambia niweke chini nikae. Niliweka chini nikakaa.

Kila Ijumaa sisi tuliobaki darasani tulipewa yai la kuchemsha, kwa sababu Bwana Masereka alikuwa amesikia kwamba yai linajenga ubongo. Wa stoo walipata uji. Jiko lilikuwa katikati yetu, kwa hiyo nao walisikia tukigonga maganda kwenye madawati. Ningependa kuandika hapa kwamba nilimpelekea Mbambu nusu ya yai langu. Sikumpelekea. Nilikula lote, na Ijumaa iliyofuata nikala jingine.

Mpango wenyewe niliusikia nyumbani, jikoni, nikiwa nimekaa na mama tunamenya ndizi. Ukuta kati ya jiko na sebule yetu ulikuwa wa mbao, na Bwana Masereka hakuwa mtu wa kunong'ona, hasa akiwa na chai ya tangawizi ya baba mbele yake. "Hajji," alisema, "hii mwaka tunapiga namba moja Bwera mzima. Mpaka Kasese watajua. Ile ya stoo itafanyia mtihani kule mlimani, kwa Mwalimu Thembo. Yeye iko na watoto kidogo sana, kituo yake ya mtihani karibu wanafunga. Anatafuta vichwa. Mimi niko na vichwa ingine imenizidi. Tunasaidiana." Baba aliuliza, "Na wakianguka?" Bwana Masereka akajibu, "Wakianguka, imeanguka kwa Thembo." Baba alicheka kidogo, kicheko cha msafirishaji anayeitambua biashara nzuri akiiona. Kisha akauliza, "Na mutoto yangu?" Sauti ya Bwana Masereka ikalainika. "Hadija? Huyo ni wa alama nne kabisa. Huyo nitamuandikia barua kwa mukono yangu, aende ile shule ya wasichana Fort Portal." Mama aliendelea kumenya kana kwamba ni kiziwi. Mimi nilisikia kila kitu, na nikiri kwamba neno lililobaki kichwani mwangu jioni ile lilikuwa Fort Portal. Nilijiona tayari nimevaa sketi ya bluu, niko kitandani kwenye bweni, ninasoma barua kutoka nyumbani.

Miaka hii yote watu wakinisikia nikisimulia hudhani nilikuwa mtoto mwenye moyo wa dhahabu. Sivyo. Kilichonigeuza kilikuwa kitu kidogo, na kilinigusa mimi kabla hakijamgusa Mbambu. Nilikuwa na mwandiko mzuri. Vyeti vyote vya shule niliandika mimi, na mabango ya siku ya wazazi. Siku ya kupeleka usajili Kasese, makao makuu ya wilaya, Bwana Masereka aliniita ofisini ninakili majina kwenye fomu mbili, moja ya shule yetu na moja ya shule ya mlimani, na kubandika picha ndogo ya kila mtoto mbele ya jina lake. Fomu ya kwanza aliitazama juu ya bega langu, akasifia kila herufi. Nilipochukua ya pili akaniambia, akiwa anatafuta kofia yake, "Hiyo ingine andika tu haraka. Si lazima ipendeze."

Sijui kwa nini maneno yale, na si stoo, na si mayai, ndiyo yaliyonichoma. Labda kwa sababu mwandiko ulikuwa wangu na alikuwa ananiamuru niuharibu. Niliandika majina yale kumi na manne kwa mwandiko mzuri kuliko wowote niliowahi kuandika. Jina la Mbambu nililiandika polepole, mkia wa kila herufi ukakaa mahali pake. Nilipofika mwisho niliona mstari mtupu. Nikarudi kwenye fomu ya kwanza. Nilikuwa nimeandika kila mtu isipokuwa mimi, kwa kuwa mwenye kuandika hujiweka mwisho. Picha yangu ilikuwa bado mezani, ninatazama mbele na shingo imekakamaa. Nje, lori la baba lilikuwa linapiga honi. Lilikuwa linakwenda Hima kuchukua simenti na lingemshusha Bwana Masereka Kasese. Niliandika Masika Hadija kwenye mstari wa kumi na tano wa orodha ya pili, nikabandika picha, nikapuliza gundi. Bwana Masereka aliingia mbio, akahesabu karatasi, hakuhesabu majina, akapiga muhuri mara mbili na kutoka. Nilimwona kupitia dirishani akipanda lori la baba yangu mwenyewe na fomu zote mbili kwapani.

Ilichukua wiki kadhaa mpaka namba za watahiniwa zikarudi kutoka Kasese, na muda wa kusahihisha ulikuwa umekwisha. Bwana Masereka alikuja nyumbani bila kubisha hodi. Nilikuwa jikoni tena, na safari hii mama aliacha kumenya. "Mutoto yako ameniua, Hajji! Ameniua na kalamu!" Nikamsikia baba akiuliza, "Muhuri alipiga nani?" Bwana Masereka akasema alipiga yeye, lakini aliamini. "Mimi pia kwenye mupaka naamini watu," baba alisema, "lakini nasoma kwanza." Nilidhani nimeokoka. Mgeni alipoondoka baba aliniita, hakunipiga, hakupandisha sauti. Aliniambia barua ya Fort Portal imekufa, na kwamba nimemwaibisha mbele ya mtu aliyekunywa chai yake. "Mulima huo utaupanda na miguu yako. Gari yangu haitakupeleka." Halafu akawasha redio. Nikamjibu, na ndiyo mara ya kwanza maishani kumjibu baba yangu: "Nitaupanda." Mama akaniita haraka nikachochee moto.

Asubuhi yake nilihamishiwa stoo. Nilikuwa nimejiandaa kwa adhabu; sikuwa nimejiandaa kwa Mbambu. Nilidhani atanikumbatia. Alinitazama kutoka juu ya gunia akasema mbele ya wote, "Nani alikuomba?" Akaendelea kabla sijakaa: "Uko nafikiri sisi beko bagonjwa, unakuja kutusalimia na matunda? Weye ulikuwa na njia. Mi kama ningekuwa na njia ile, ningeenda na nisingegeuka." Nilimwambia nimefanya kwa ajili yake. "Kwa ajili yangu ungenileteaka yai," alisema. Hakunisemesha kwa siku tisa. Siku ya kumi alisukuma daftari lake la hesabu hadi kwenye goti langu, bila kunitazama, akaweka kidole kwenye sehemu na asilimia. Ndivyo tulivyoanza. Tuligawa uji kwa vikombe ili tuelewe theluthi, tukachora pembetatu sakafuni kwa mkaa wa jikoni, na yeye alinisahihisha insha zangu, ambazo alisema zinanuka hotuba. Wote kumi na watano tulifundishana hivyo, kwa kelele, na mpishi alipozoea akawa anatusikiliza majibu akikoroga sufuria. Ijumaa zilipofika tulisikia maganda ya mayai ng'ambo ya jiko. Mbambu aliigiza Bwana Masereka akitaga, na tulicheka mpaka mwalimu akaja kutufokea, akiwa amekuja stoo kwa mara ya kwanza wiki ile.

Siku moja kabla ya mtihani Bwana Masereka alituita, akatupa amri moja tu. Kesho tusivae sweta za shule. Sweta zetu zilikuwa za kijani, zilijulikana mpaka Kasese, na hakutaka msimamizi azione kwenye kituo kingine. Njia ya kwenda mlimani ni mwendo wa saa mbili, na asubuhi baridi ya Rwenzori inashuka hadi kwenye mifupa. Tulikutana darajani kukiwa kumeanza kupambazuka. Watoto walikuwa wamevaa mashati matupu, mikono imejificha kwapani. Mimi pia, na nilijiona shujaa kwa kutetemeka. Kisha Mbambu akatokea na sweta yake ya kijani, imefungwa vifungo vyote hadi shingoni. "Miaka saba nimeivaa," alisema. "Mama yangu aliishona mara tatu mukono huu. Leo niivue juu ya kuogopa nani?" Akafungua mfuko aliobeba kichwani. Usiku ule alikuwa amepita kwa kila nyumba ya wenzetu, akawaomba mama zao. Sweta zote zilikuwemo, na yangu pia. Tulizivaa palepale barabarani, tukaanza kupanda.

Shule ya mlimani ilikuwa na vyumba vinne vya udongo, uwanja uliofagiliwa, na askari mmoja mwenye bunduki aliyeletwa kulinda karatasi za mtihani. Watahiniwa wa pale walikuwa sita, na hawakuwa na sweta ya rangi yoyote. Askari alitusimamisha langoni. "Simama hapo! Laini moja! Hii sweta ni ya wapi?" Msimamizi wa kutoka Kasese alikuwa amesimama mlangoni na kalamu yake. Mwalimu Thembo, mtu mfupi mwenye koti lililochanika kiwiko, alitoka ofisini. Nilijua kwamba akisema tulikotoka, tutarudishwa sote. Nilijua pia kwamba tukianguka, tunaangukia kichwani kwake, na kwamba alikubali hivyo ili watoto wake sita wapate mahali pa kufanyia mtihani. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, akiwa hana haraka. "Ni batoto bangu, afande," alisema. "Wote. Majina niko nayo hapa." Akafungua orodha, akaanza kutuita. Alipofika kwenye jina langu aliinua macho, akasema kwa Lhukonzo, lugha yetu ya nyumbani, kwamba mwandiko huu ni mzuri sana, ni wa nani. Nilisema ni wangu. Akasema, "Ingia, Masika."

Matokeo yalitoka mwaka mpya ulipoanza. Sikupata nne. Nilipata kumi na moja, na baba aliposikia alisema kwamba stoo imenila alama saba. Huenda ni kweli. Mbambu alipata Daraja la Pili, yule waliyemsajili wakijua atafeli. Wenzetu wengine walipata la Tatu na la Nne, na wawili walianguka, na mmoja wao hakurudi shule tena. Gazetini shule yetu ya mjini iliwekwa juu, na picha ya Bwana Masereka akitabasamu. Shule ya mlimani iliwekwa chini, karibu na mwisho, kwa sababu Daraja la Kwanza moja kati ya watoto ishirini na mmoja si kitu katika jedwali. Watu wakasoma, wakatikisa vichwa, wakasema shule za mlimani hazijui kufundisha, na pengo kati yetu na wao linazidi kupanuka. Nasikia maneno hayo hayo redioni kila mwaka. Kila ninapoyasikia najiuliza ni nani mwaka huu aliyebebeshwa dawati kupelekwa stoo, na nani atakayeangukiwa. Sikwenda Fort Portal. Nilisoma sekondari ya kutwa, na lile la bweni bado linaniuma, nisidanganye. Lakini nilipopanda kumshukuru Mwalimu Thembo nilikuta ameandika kwa chaki kwenye mlango wa ofisi yake: Daraja la Kwanza, Masika Hadija. Chini yake ameandika majina mengine yote ishirini, pamoja na ya wale walioanguka. Alikuwa amekataza mtu yeyote kuufuta mlango ule, na haukufutwa mpaka mvua ilipofanya kazi yake.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu Jumamosi iliyopita, makofi yakiwa bado yanaendelea. Nilimuuliza mwalimu mkuu kama Mbambu amealikwa. Alitazama daftari lake la watahiniwa wa zamani, akasema kwa heshima kwamba hakuna mtahiniwa wa jina hilo mwaka ule. "Na mimi je?" nikamuuliza. "Kwenye daftari nimo?" Akapitisha kidole chini mara mbili. Akasema jina langu aliambiwa na wazee wa mji, na kukosekana kwake daftarini labda ni makosa ya karani. Nilimwambia hapakuwa na makosa, karani nilikuwa mimi. Namba yangu ni ya kituo cha mlimani, na kama shule inanitaka leo, basi inichukue na wenzangu kumi na wanne niliosoma nao hapa kuanzia la kwanza hadi la saba: wa la Pili, wa la Tatu, wa la Nne, na wale wawili. Wageni walikuwa wameanza kutazamana. Alinisogelea, akanong'ona, "Mama, kibao ni cha Daraja la Kwanza tu. Hakuna nafasi."

Nilimwomba mzee wa Kasindi kitambaa chake cha kufutia brashi. Alinitazama, akamtazama mwalimu mkuu, kisha akakichovya kwenye petroli yeye mwenyewe akanipa. Jina langu lilitoka kwa kupangusa mara mbili tu, likaacha alama ya dhahabu ya upana wa kiganja. Nilijifuta vidole nikamrudishia mzee kitambaa chake, nikamwambia mwalimu mkuu kwamba siku watakapopata nafasi ya majina kumi na tano wanipigie simu, nije niyaandike mwenyewe. Mwandiko wangu bado ni mzuri.